TUPIME MAJI YETU, MATOKEO YABANDIKWE HAPA



Ubao huu unatuonyesha bei ya mpunga na ufuta, na majina ya wanaodaiwa pembejeo. Maji tunayokunywa hayajapata hata mstari mmoja. Sisi tunasema hilo si sawa.

Ziwa letu Rukwa halina mlango wa kutokea. Kila kinachoshuka kutoka Ufipa juu, kupitia ukuta wa Lyamba lya Mfipa, kila kinacholetwa na Mto Momba, na kila kinachotoka ng'ambo ya Chunya kwa mito Songwe na Lupa, kinaishia humu humu. Jua linakausha maji, uchafu unabaki. Asidanganyike mtu kwamba masika yatausomba uende kwa wengine. Uende wapi?

Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa ipo, makao yake Mbeya, na kupima ni kazi yake. Hatuibezi hata kidogo. Lakini Mbeya ni mbali, na kipimo kinacholala kwenye faili hakimsaidii mama anayechota maji asubuhi.

Kumbukeni yaliyotokea Mto Mara, Machi 2022. Maji yalikuwa meusi, yakanuka, samaki wakafa. Serikali ikaunda kamati, nayo ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, hewa ikapungua majini. Wengi hawakuridhika, wakaunyooshea kidole mgodi. Sisi hatuko huko na hatuamui kesi ya watu. Tunaloliona ni hili: mwananchi anayebisha bila daftari la vipimo vya miezi iliyopita anabaki na maneno matupu, hata kama haki ni yake.

Je, sisi tunaweza kupima nini? Si haba. Kijiti chenye alama za sentimita kikisimikwa pale tunapochotea kitatuambia maji yamepanda au yameshuka. Sahani nyeupe iliyofungwa kamba, ukiishusha mpaka ipotee machoni, ukapima urefu wa kamba, umekwisha jua tope lilivyo. (Mamba wa Rukwa mnawajua, basi anayepima asiende peke yake.) Samaki waliokufa wahesabiwe. Bwana afya atupe idadi ya walioharisha wiki hiyo, idadi tu, majina abaki nayo mwenyewe. Wana kisomo chetu waandike. Tarakimu wanazijua, na zoezi hili lina faida kuliko kujumlisha maembe ya kubuni.

Zebaki ya wachimbaji dhahabu ni jambo lingine. Haionekani kwa sahani wala kwa macho, hiyo ni kazi ya maabara. Kwa hiyo tuiandikie Bodi barua, ipime maji na samaki, na majibu yarudi kijijini kwa Kiswahili cha kueleweka.

Wako wanaonong'ona eti tukibandika kwamba maji ni mabaya, wachuuzi wa samaki watahama. Hofu hiyo tunaielewa, maana watoto wetu wanasoma kwa samaki hao. Lakini mchuuzi husikia habari za kipindupindu hata tusipoandika, tena huzisikia zimekwisha kuzwa. Namba zikiwa ukutani kila wiki, wiki njema nayo ataiona.

Na wengine, jamani tuseme kweli, hawaogopi wachuuzi, wanaogopa namba zenyewe. Mabomba ya dawa ya magugu yanaoshwa wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni na ziwani. Aliyelima humo anajijua, awe mwanachama wa kawaida au kiongozi, na kiongozi ndiye atangulie kutoka.

Tunapendekeza hoja hii iingie Mkutano Mkuu wa Kijiji ujao, wachaguliwe watu wanne wa kupima, wawili wawe akina mama kwa kuwa wao ndio wako majini kila siku. Kijiti kinaweza kukatwa kesho. Nafasi ubaoni ipo, pale chini ya bei ya ufuta.

Katibu wa Chama, Kaoze