Louis Vuitton, shuka la miraba na swali la nani alipwe

Ukifika mnada wa Msalato, nje kidogo ya jiji la Dodoma, huna haja ya kuuliza wafugaji wako wapi. Unawaona kwa mbali kwa rangi za mashuka yao: nyekundu na nyeusi, nyekundu na bluu, miraba juu ya miraba. Wamo Wamasai wa Kiteto na Kongwa, wamo Wagogo wenyeji, na huwezi kuwatofautisha kwa shuka peke yake.

Juni 2011, miraba inayofanana na hiyo ilipita mbele ya kamera jijini Paris. Jumba la mitindo la Louis Vuitton lilikuwa likionyesha mavazi ya wanaume ya msimu wa 2012, kazi ya kwanza ya mbunifu wake mpya, Mwingereza Kim Jones, ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Afrika Mashariki. Hakuficha kwamba wazo la skafu na mashati yale limetoka kwa Wamasai. Tangu hapo jina la Louis Vuitton halikosekani kila panapojadiliwa swali hili: kampuni ikichukua sura ya vazi la jamii na kuuza kwa bei ya anasa, je, jamii hiyo ina haki ya kudai chochote?

Tuanze na jumba lenyewe, maana historia yake ina jambo la kutufundisha. Louis Vuitton alizaliwa mwaka 1821 katika kijiji cha Anchay, mashariki mwa Ufaransa, katika familia ya kawaida. Aliondoka nyumbani akiwa kijana mdogo, akaenda Paris kwa miguu, akafika mwaka 1837 na kuwa mwanafunzi wa fundi wa masanduku ya safari. Mwaka 1854 alifungua duka lake. Sifa yake ilikuwa sanduku lenye kifuniko bapa, linaloweza kupangwa moja juu ya jingine kwenye treni na meli, wakati masanduku ya wengine yalikuwa na mgongo wa mviringo.

Akaigwa mara moja. Ndipo mwaka 1888 jumba hilo likatoa turubai lenye miraba ya kahawia, lililoitwa Damier, yaani ubao wa drafti, likiwa na maandishi ya kueleza kwamba alama hiyo imesajiliwa. Wakaigwa tena. Mwaka 1896, miaka minne baada ya Louis kufariki, mwanawe Georges akabuni ile nembo ya herufi L na V pamoja na maua ambayo leo unaiona hata kwenye mikoba bandia ya mitumba. Kwa maneno mengine, nembo maarufu kuliko zote katika biashara ya anasa ilizaliwa kama silaha dhidi ya waigaji. Jumba hilo limeielewa sheria ya nembo tangu wakati Dodoma haijawa hata kituo cha reli.

Mwaka 1987 liliungana na Moët Hennessy kuunda kundi la LVMH. Kundi hilo linatugusa kwa njia nyingine pia: Januari 2021 lilikamilisha ununuzi wa Tiffany, kampuni ya Marekani ambayo mwaka 1968 ndiyo iliyolipa jina la tanzanite jiwe la Mirerani, huko Simanjiro. Hilo ni somo la siku nyingine.

Sasa turudi kwenye shuka. Upande wa Wamasai, asasi iitwayo Maasai Intellectual Property Initiative, ikiongozwa na mzee Isaac ole Tialolo wa Kenya na kusaidiwa na mtaalamu wa masuala ya miliki bunifu Ron Layton, ilikusanya orodha ya kampuni zaidi ya 1,000 zinazotumia jina au sura ya Wamasai. Louis Vuitton ilitajwa humo. Makadirio yao yalikuwa kwamba leseni zingeweza kuingiza dola milioni 10 kwa mwaka. Mafanikio yaliyojulikana zaidi ni madogo lakini ni ya kweli: kampuni ya mavazi ya Uingereza, Koy Clothing, ilikubali kulipa ada kwa kutumia miundo ya Kimasai.

Kwa nini basi kampuni kubwa hazifuati mfano huo? Jibu ni kwamba kisheria hazilazimiki. Hakimiliki humlinda mtunzi anayejulikana, kwa muda maalumu. Shuka halina mtunzi mmoja, na muda wa kudai ulishapita kabla haujaanza kuhesabiwa. Nembo ya biashara humlinda aliyesajili, na hakuna aliyesajili.

Tena miraba ni kitu kigumu kukimiliki, hata kwa tajiri. Louis Vuitton waliisajili Damier Ulaya mwaka 1998, na kampuni ya Ujerumani ikaipinga. Tarehe 21 Aprili 2015 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya ikakubaliana na mpingaji: mchoro wa drafti ni wa kawaida mno kumtambulisha mwenye bidhaa. Ukweli huu unakata pande zote mbili. Wanaodai miraba ya Kimasai wanahitaji hoja nzito kuliko miraba yenyewe. Jina na sura ya Wamasai ndiyo mali yao imara zaidi.

Halafu lipo jambo ambalo watu wa nyanda hizi za kati wanalijua vizuri kuliko mawakili. Neno shuka lilikuwa kipimo kabla ya kuwa vazi: dhiraa nne za kitambaa, na mbili kati yake zikifanya doti. Katika karne ya 19 misafara ya pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na watemi wa Kigogo walidai hongo, ambayo wakati huo haikuwa rushwa bali ushuru wa njia na maji. Ililipwa kwa vitambaa: merikani, kaniki na vingine kutoka ng'ambo. Wamasai wa zamani walivaa ngozi. Kitambaa kilikuja baadaye kwa biashara, na hadi leo mashuka mengi sokoni hufumwa viwandani, mengine nje ya nchi.

Je, hilo linafuta madai yao? Kwa maoni yetu, hapana. Waskoti hawakuvumbua sufu, lakini hakuna anayebisha kwamba tatani ni yao. Kinacholeta thamani ni maana ambayo jamii imekipa kitu kwa kukivaa, na ndiyo hiyo Paris iliyoitamani. Ila inatulazimu kuuliza swali gumu: fedha zikija, apewe nani? Wamasai wa Kenya, wa Tanzania, au na Mgogo wa Kongwa anayevaa shuka hilohilo tangu kwa babu yake?

Kenya ilijaribu kujibu kwa sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni, inayotambua umiliki wa jamii. Tanzania ina sehemu kuhusu sanaa za jadi ndani ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, lakini nguvu yake haivuki mpaka kufika kwenye duka la Paris. Mkataba uliopitishwa Geneva Mei 2024 na Shirika la Miliki Bunifu Duniani unahusu hataza na rasilimali za kijenetiki, si mavazi. Ule wa Riyadh wa Novemba mwaka huohuo, unaohusu usajili wa miundo, unaziruhusu nchi kumtaka mwombaji aeleze kama muundo wake unahusiana na utamaduni wa jadi. Unaziruhusu tu, hauzilazimishi. Kila nchi itaamua yenyewe kuliweka au kutoliweka sharti hilo katika sheria zake, na kwetu sheria hizo hutungwa hapahapa Dodoma, mwendo mfupi kwa gari kutoka mnada wa Msalato.