Ufunguo wa tovuti yetu uko na nani?

Ndugu vijana wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo, Bunia, Kisangani, Lubumbashi na kila mahali mnapotusoma,

Leo hatuandiki juu ya maji, umeme wala barabara. Tunaandika juu ya tovuti. Tunajua kuna wenye watacheka: «Watu wanakufa, na ninyi mnaongelea tovuti?» Mtungoje kidogo. Mauaji yenye tunalaani, majina ya wenye walikamatwa, ahadi zenye wakubwa walitoa mbele ya watu wote: hayo yote tunayaandika mahali fulani. Sasa hapo mahali ni pa nani? Kama mwenyewe anaweza kupafunga usiku, kesho asubuhi tutaonyesha nini?

Tuanze na makosa yetu wenyewe. Tovuti yetu ya kwanza ilitengenezwa na ndugu mmoja, kwa roho nzuri, bila kuomba hata franga. Aliandikisha jina la tovuti kwa imeli yake, nywila ilikuwa kwa kichwa yake. Akaenda masomo mbali, akabadilisha namba ya simu. Mwaka ukaisha, malipo ya jina hayakulipwa, tovuti ikazimika. Matamko ya miaka mbili yakapotea. Mengine tuliyaokota moja moja kwenye simu za watu, tena kwa picha zenye hazisomeki. Hakuna mkubwa mwenye alitufungia. Tulijifungia wenyewe juu ya uvivu.

Njo maana tunasema: kabla ya kulaumu serikali, kila kundi lijiulize ufunguo uko na nani.

Siku hizi wanatuambiaga kwamba kutengeneza tovuti imekuwa mchezo. Ni kweli nusu. Kuna kampuni kama Wix zenye zinakupa kila kitu mahali pamoja: unachagua sura, unavuta picha, unaandika, umemaliza. Kuna akili bandia: unaielezea unachotaka, kisha dakika chache inakuletea kurasa zimejaa maneno. Mtu mwenye hajui hata mstari mmoja wa kodi anaweza kuwa na tovuti mbele ya jioni. Sisi hatupingi hiyo. Kijana wa Kadutu ao wa Katuba mwenye hana pesa ya kulipa fundi, ni haki yake.

Lakini nyumba ya kupanga iko na mwenyewe. Muliza ile kampuni: «Nikitaka kuhama, nitabeba nini?» Mara nyingi utabeba maneno na picha, ile nyumba yenyewe itabaki kwao. Bei ikipanda, utalipa. Wakipokea barua ya kukufunga, utafungwa.

Hiyo si hadithi ya kuogopesha watoto. Mwaka wa 2021, Wahongkong wenye walikuwa uhamishoni walikuwa na tovuti ya mwito wao wa demokrasia kwenye Wix. Polisi ya Hong Kong iliandikia kampuni, ikataja sheria ya usalama wa taifa, na Wix ikaiondoa ile tovuti. Kisha kelele kupigwa dunia nzima, kampuni iliirudisha na kuomba radhi. Wale walikuwa na marafiki wakubwa wa kupiga kelele. Sisi wa huku, tukifungiwa, nani atapiga kelele kwa ajili yetu?

Mtu atasema: «Basi tutumie WordPress, hiyo ni ya bure na ya wote.» Sawa. WordPress ilizaliwa mwaka wa 2003, na leo zaidi ya tovuti 40 kati ya 100 duniani zinatembea nayo. Leseni yake inakuruhusu kuichukua, kuibadilisha na kuihamisha kwenye seva yoyote. Hiyo ni nguvu ya kweli, na sisi tunaipendelea. Lakini hata pale tusilale. Mwezi wa Septemba 2024, mwanzilishi wake Matt Mullenweg aligombana na kampuni ya WP Engine, yenye inaweka tovuti za watu wengi kwenye seva zake. Wateja wa WP Engine wakafungiwa mlango wa WordPress.org, kule masasisho yanatokaga. Ilibidi jaji wa Marekani aamuru mlango ufunguliwe, mwezi wa Desemba. Tembo wawili walipigana, majani yakaumia. Programu huru inakupa haki ya kuhama. Kazi ya kupanga mizigo ni yako.

Kuna pia wenye wanasema tovuti imekufa. «Raia wako WhatsApp, wako Facebook, wako TikTok. Tovuti nani anafungua?» Hawa tunawaheshimu, juu wanasema ukweli wa mtaani. Sisi pia tunapitishaga matamko yetu kule, na tutaendelea. Lakini kule ni soko. Sokoni unapiga kelele, watu wanakusikia, jioni wanafunga meza. Hakuna mtu anawekaga cheti chake cha kuzaliwa sokoni. Tafuta leo ahadi yenye kiongozi wa muji wako alitoa kwenye Facebook miaka tatu iliyopita, kama utaiona. Mara ngapi tumeona mkubwa anatolewa kwenye kiti, na ukurasa wa ofisi unaondoka naye, kama vile ni koti lake?

Tusidanganyane: tovuti yako haikulindi siku serikali inakata intaneti. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, walikata nchi nzima, na ilikaa karibu siku 20. Siku hizo tovuti na Facebook vyote vilikuwa kimya kwa raia. Lakini tovuti yenye seva yake iko nje ya nchi inabaki wazi kwa ndugu zetu wa ng'ambo na kwa waandishi wa habari. Na mtandao ukirudi, kila kitu kiko pale, na tarehe yake, bila mtu kuuliza kama picha ni ya kweli.

Kuna jambo lingine lenye linatuumiza: mega. Kurasa za siku hizi ni nzito. Ukichukua ukurasa wa kawaida duniani, unazidi megabaiti 2, juu ya picha kubwa, video zenye zinajianzisha, na vitu vya kuchunguza msomaji. Maandishi ya tamko kama hili ni karibu kilobaiti 8 tu. Piga hesabu: uzito wa ukurasa mmoja unaweza kubeba matamko 250. Nani analipa hiyo tofauti? Mama mwenye anauza makala sokoni, motari mwenye amenunua mega ya saa moja. Kumuwekea raia wa Kongo ukurasa mzito ni kumtoza kodi yenye hakuna bunge lilipiga kura.

Wenye akili kwenye hiyo kazi wameanza kurudi kwenye kurasa nyepesi: ukurasa unatengenezwa mara moja, unawekwa kwenye seva, hakuna hifadhidata ya kuvunja, hakuna plagini za kusasisha kila wiki. Ni mtindo wa zamani wenye umerudi na nguvu mpya, na kwetu unafaa kabisa.

Na akili bandia? Itumikie kazi ya mikono: kupanga kurasa, kupunguza picha. Lakini isituandikie matamko. Haikuwa Beni, haikulala kwenye kambi ya wakimbizi, haikuona damu. Itakosea jina la kijiji, na adui atachukua hilo kosa moja kusema yote ni uongo.

Kwa hiyo, sisi wenyewe tunajiwekea masharti haya:

1. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la kundi. Watu tatu wawe na ufunguo, na mmoja wao akae muji mwingine. Dola 10 ao 20 kwa mwaka, tutachanga mbele ya tarehe.

2. Kila tamko litoke kwanza kwenye tovuti yetu, kisha kiungo kitumwe WhatsApp na kwingine.

3. Tamko ni maandishi. Tuache kutuma picha ya karatasi yenye kashe. Picha ni nzito, haitafutiki, na kipofu hawezi kuisomewa na simu yake.

4. Nakala tatu: moja kwenye seva, moja kwenye diski hapa, moja nje ya nchi.

5. Orodha ya wanachama na majina ya mashahidi hayaingii kwenye seva ya tovuti hata siku moja. Hapo hatuna mchezo. Tovuti ikivunjwa, tutajenga ingine. Mtu akikamatwa juu ya orodha yetu, tutamuambia nini mama yake?

Na kwa wakubwa wa serikali, wa majimbo na wa mameri, tunasema hivi. Katiba ya 2006, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Haki hiyo haiwezi kukaa kwenye akaunti ya Facebook ya sekretere. Tunadai bajeti, edikti na matangazo ya zabuni viwekwe kwenye tovuti ya ofisi yenyewe, na vibaki pale hata waziri akibadilika. Tunadai kurasa nyepesi zenye simu ndogo inafungua. Na kifungu cha kwanza cha hiyohiyo Katiba kinataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Basi kwa nini sheria yenye inamhukumu mama wa Kalemie anaisoma kwa Kifaransa tu? Tena muache kulipa tovuti mpya kila mara kiti kinapata mtu mpya. Ile ya zamani iko wapi? Pesa yake ilikula nani?

Ndugu, Zaïre ilikuwa na herufi zake kwenye intaneti, .zr. Jina la nchi lilibadilika mwaka wa 1997, tukapewa .cd, na zile za zamani zikafutwa. Hata herufi za nchi nzima zinaweza kuzimika. Sembuse tovuti ya vijana wenye hawana pesa.

Kila seksio ikutane wiki hii na ijibu maswali matatu: jina letu limeandikishwa kwa nani, linaisha lini, nakala ziko wapi. Kama mtu mmoja pekee njo anajua majibu, bado hamna tovuti. Muko na deni kwake, na siku atasafiri mtaona.

Tunaandika kwa wenye hawawezi tena kusema. Tulinde penye tunaandikia.