Kiingereza cha Kila Siku: Mambo Yaliyokwisha Kupita

Juma hili tutazungumza juu ya vitenzi vya Kiingereza vya wakati uliopita. Kosa dogo hapa laweza kumpotezea mtu haki yake. Tuseme mpangaji wa Mji wa Kale amelipa kodi ya chumba siku ya Jumatatu, naye amwandikia mwenye nyumba: "I pay the rent on Monday." Asomaye ataelewa kwamba hulipa kila Jumatatu, au atalipa Jumatatu ijayo. Fedha zimetoka, na barua haimshuhudii. Ilimpasa kuandika: "I paid the rent on Monday."

Katika Kiswahili, "li" moja yatosha vitenzi vyote. Kiingereza sivyo. Vingi huongezwa "ed" mwishoni: "walk, walked". Vingine hugeuka: "go, went", "buy, bought", "sell, sold". Vichache havibadiliki kabisa, kama "put" na "cut". Vinavyogeuka havina budi kukaririwa, vitano vitano kila siku.

Kosa la pili ni "I did not went." Tazama lugha yetu wenyewe. "Nilikwenda" ikikanushwa huwa "sikwenda": "li" huondoka, na "ku" hushika mahali pake. Hakuna asemaye "sikulikwenda". Kiingereza nacho ni vivyo hivyo. Neno "did" likiingia, hubeba lenyewe mzigo wa wakati uliopita, na kitenzi hurudi katika asili yake: "I did not go." Katika swali pia: "Did you buy spices at Marikiti?" wala si "Did you bought".

Kosa la tatu huwapata hata makarani hodari: "I have received your letter yesterday." Sababu yake ni kwamba sisi twaweza kusema "nimeipokea jana", wala hapana anayeshangaa. Mwingereza hakubali. Siku au mwaka uliopita ukitajwa, "have" huondoka: "I received your letter yesterday." Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, basi twaandika: "The Portuguese began the fort in 1593." Waomani waliiteka mwaka 1698: "The Omanis took it in 1698." Lakini usipotaja siku, waweza kusema: "I have seen Fort Jesus."

Sasa jaribu kusahihisha sentensi hizi, huku umeyafunika majibu kwa mkono:

1. I have paid the boatman yesterday.
2. She did not came.
3. The dhow leave the Old Port last Friday.

Majibu: 1. I paid the boatman yesterday. 2. She did not come. 3. The dhow left the Old Port last Friday.

Ukikosa moja, usione haya. Iandike mara kumi, kisha iseme kwa sauti. Na kabla ya kutia barua yako katika bahasha, soma kila kitenzi ujiulize: jambo hili limekwisha, au bado?