Lipia mchoro wa kenchi kabla hujalipia mbao

Msimu ukienda vizuri, vijana wengi mnajenga, na mimi napongeza. Hela ya vitunguu au parachichi ikigeuka nyumba, imekaa mahali pa maana. Ila kuna jambo moja linanikera. Mkulima yuleyule anayepima udongo kabla ya kununua mbolea, anayehesabu mita za mipira ya matone kabla ya kwenda dukani, akifika kwenye paa anamwambia fundi, "Wewe ndiye unajua, niambie mbao ngapi." Fundi anatazama kuta, anafikiri kidogo, anataja namba. Kesho lori la mbao limefika. Kenchi hazijachorwa popote.

Utaniambia, "Afisa, ramani ninayo, hata kibali cha halmashauri ninacho." Sawa. Ifungue uangalie. Ramani nyingi zinaonyesha umbo la paa na aina ya bati, basi. Hazisemi mbao ipi ni ya ukubwa gani, kenchi zikae umbali gani, kila kiungo kina misumari mingapi, wala kenchi inafungwaje kwenye ukuta. Hayo manne ndiyo paa lenyewe. Msimamo wangu ni huu: usinunue hata mbao moja kabla hujashika karatasi inayoyajibu yote manne.

Upepo unavuta kwenda juu

Wengi tunafikiri kazi ya paa ni kubeba uzito. Kwa bati, uzito ni mdogo. Mita moja ya mraba ya bati la kawaida haifiki kilo 5. Adui ni upepo, na upepo ukipita juu ya paa hausukumi chini tu, unavuta kwenda juu.

Nguvu yake haipandi kidogo kidogo. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 40 kwa saa una mgandamizo wa kama kilo 7.5 hivi kwa mita ya mraba. Ukifika 80, ni kilo 30. Ukifika 100, kama zinavyoweza kufika dhoruba za mvua za radi, ni karibu kilo 47.

Sasa chukua nyumba yenye upana wa mita 8, kenchi zimekaa mita 1.2, na bati limetokeza nje sentimita 60 kila upande. Kila kenchi inashika mita za mraba 11. Ukiondoa uzito wa bati na mbao zake, upepo huo wa 100 unaweza kuinua kila ncha ya kenchi kwa kilo 170 hivi. Hiyo ni hesabu ya haraka, mhandisi atafanya ya kwake, na pembeni mwa paa itakuwa kubwa zaidi. Lakini fikiria: karibu magunia mawili ya mahindi yananing'inia kwenye misumari miwili iliyopigiliwa mshazari kwenye mbao ya juu ya ukuta. Ndiyo maana paa linaondoka zima zima, bati likiwa bado limeshikana na papi zake.

Dawa yake si ghali. Ni mkanda wa chuma au nondo nyembamba iliyozamishwa kwenye zege la juu ya ukuta, ikapandishwa na kufungwa kwenye kila kenchi. Tatizo ni kwamba lazima iwekwe siku ya kumwaga zege. Asiye na mchoro siku hiyo anakumbuka akiwa amechelewa.

Mbao ya chini ndiyo mwenye mzigo

Kenchi inasimama kwa sababu ni pembetatu. Mbao mbili za juu zinataka kufunguka miguu, mbao ya chini inazizuia. Kwa hiyo mbao ya chini inavutwa muda wote, kama kamba.

Mbao nyingi sokoni zina futi 12, yaani mita 3.66. Kenchi ya mita 8 itahitaji vipande vitatu kwa upande wa chini, maana yake viungo viwili. Ukienda kwenye nyumba nyingi utakuta vipande vimepandana kidogo na kupigwa misumari mitatu, kamba ikafungwa fundo bovu. Mchoro mzuri unasema kiungo kikae wapi, kipande cha kuungia kiwe pande zote mbili, kiwe na urefu gani, misumari mingapi, na iwe mbali kiasi gani na ncha ya mbao isije ikapasuka.

Ziunde chini, kisha zipandishe

Miaka ya 1950, huko Florida, Marekani, walianza kuunda kenchi karakana kwa mabamba ya chuma yenye meno, yanayokandamizwa kwa mashine pande zote za kiungo. Kenchi zinafika kwenye nyumba zikiwa tayari, zote sawa. Lakini Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipopiga Florida kusini, mapaa mengi yalianguka, na kosa moja kubwa lilikuwa kuta za pembetatu za mwisho wa nyumba ambazo hazikushikwa vizuri na mishazari. Karakana peke yake haikuwaokoa. Mchoro lazima uonyeshe mpaka mbao zinazoshikanisha kenchi na kenchi.

Wewe huhitaji mashine ile. Sawazisha uwanja au tumia sakafu ya nyumba, chora kenchi moja kwa ukubwa wake halisi, pigilia vipande pembeni viwe kiolezo. Ya kwanza ikaguliwe. Ikikubaliwa, nyingine zote zinalala juu ya kiolezo kilekile. Mabaki yanapungua, mgongo wa paa unanyooka, na mafundi hawapigilii viungo wakiwa wananing'inia hewani. Siku ya kupandisha, kila kenchi ishikwe na mshazari wa muda kabla ya kuleta inayofuata, la sivyo zinaangukiana moja baada ya nyingine.

"Fundi wangu ana miaka 20"

Namheshimu. Kwa vyumba vya mita 3 au 4 vyenye kuta za kati, macho yake yanatosha. Lakini vijana mnataka sebule wazi ya mita 7, paa la kuficha lenye mteremko mdogo, na tangi la maji juu ya dari. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Hapo uzoefu wa vyumba vidogo hausaidii. Mpe fundi mchoro wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kazi yake itaonekana nzuri zaidi. Gharama ya karatasi hiyo linganisha na paa la kuezekwa mara mbili, na vilivyolowa ndani. Halafu ujenzi wa banda la kuku na ghala unafuata sheria hizihizi.

Mchoro utakuambia pia ununue mbao gani. Paini iliyotoka kukatwa inaweza kubeba maji yenye uzito kuzidi wa mbao yenyewe ikikauka. Ukiipandisha mbichi, inasinyaa juu ya paa, inajipinda, misumari inalegea. Nunua kavu, yenye dawa, na kila ncha utakayoikata ipakwe dawa upya.

Na ninyi wenye mashamba ya miti Mufindi, Njombe na Kilolo, hapa kuna biashara. Mti wa chini ya miaka 10 unatoa mbao dhaifu na bei dhaifu. Uache ukomae, zikaushe mbao zako, tafuta mhandisi na seremala mmoja makini, uza kenchi zilizokamilika pamoja na mchoro wake. Mjenzi atakayekuja kwako na mchoro mkononi hatakuuliza bei ya mbao tu. Atakuuliza ubora wake, na huyo ndiye mteja wa kumtunza.