Hataza Isiyo na Mtetezi

Wako watu wasemao kwamba fundi maskini ataokoka siku atakapoandikisha uvumbuzi wake. Maneno hayo husemwa majukwaani kwa nia njema, lakini nia njema haizuii kosa kuwa kosa. Hataza si mali, wala si ngao. Hataza ni ruhusa ya kumshitaki mwigaji, na ruhusa hiyo ina thamani kwa yule tu awezaye kufika mahakamani na kusimama huko mpaka mwisho.

Achukuliwe kwa mfano fundi wa Magomeni, mjini Mtwara. Nchi hiyo ni nchi ya korosho, na ganda la korosho lina mafuta yaunguzayo vidole vya mbanguaji. Ichukuliwe kwamba fundi huyo amebuni mashine ndogo ipasuayo ganda bila kuvunja kiini wala kumgusisha mtu mafuta. Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 imemfungulia mlango. Kabla yake, haki iliyoandikishwa Tanganyika ilikuwa kivuli cha hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza. Hatua hiyo yastahili sifa. Lakini mlango si nyumba.

Fundi lazima aandike madai, yaani maneno yenye mipaka kamili yaelezayo kipi ni chake na kipi si chake. Madai yakitanuka mno, hataza huweza kubatilishwa. Yakibana mno, mwigaji hupita kando kwa kubadili parafujo moja. Hataza ya Tanzania peke yake hukoma ukingoni mwa Ruvuma. Ng'ambo, Msumbiji, ambako nako korosho hubanguliwa, mtu aweza kuunda mashine ile ile mchana kweupe. Akitaka kinga yake ivuke mto kwa njia ya ARIPO, Harare, chini ya Itifaki ya mwaka 1982, maombi huandikwa Kiingereza. Hivyo fundi huombwa kuutetea uvumbuzi wake kwa maneno asiyoyamiliki.

Atakaye kujua uzito wa vita vya hataza na atazame Marekani. Kampuni ya mawakili ya Howrey ilianzishwa Washington mwaka 1956, ikajulikana kwanza kwa mashauri ya ushindani wa biashara. Mwaka 2000 iliungana na Arnold, White & Durkee ya Houston, mabingwa wa hataza, ikawa miongoni mwa majina makubwa ya kazi hiyo, na mawakili wake wakazidi 700. Mwezi Machi 2011 ilivunjwa. Sababu zilikuwa nyingi. Mojawapo, aliyoitaja mwenyekiti wake mwenyewe, ilikuwa mashauri yaliyopokewa kwa ujira wa kungojea ushindi. Mapato yalipanda na kushuka, washirika wakakosa subira, wakahama. Ikiwa nyumba kubwa namna ile ilishindwa kungoja, ni nani atakayemngojea fundi wa Magomeni?

Wapinzani hujibu kwamba fundi na auze haki yake kwa tajiri, naye tajiri atashitaki. Jibu hilo lina ukweli, na ukweli huo ndio ubaya wake. Auzaye kwa kukosa njia nyingine hauzi. Hunyang'anywa akapewa stakabadhi.

Dawa haiko mbali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilikubali kwamba asiye na uwezo hapaswi kuachwa bila mtetezi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Misingi hiyo miwili na iunganishwe. Vyuo vikuu vifundishe uandishi wa madai ya hataza kwa Kiswahili, na wanafunzi wa sheria, chini ya walimu wao, wawaandikie mafundi. Vyama vya ushirika, vilivyozoea kukusanya korosho za wengi ziuzwe kwa sauti moja, vichange mfuko wa mashauri. Si kila shauri litashinda. Lakini mwigaji ajuaye kwamba mtetezi yupo hufikiri mara mbili.

Mpaka siku hiyo, amwambiaye fundi "andikisha" kisha akanyamaza hajamsaidia. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Hataza isiyo na mtetezi haikuukanusha msemo huo. Imeupiga muhuri tu.