Kuahirisha Si Kufuta

Mpwa wangu aishiye Mashewa, wilayani Korogwe, alipata barua ya Kiingereza kutoka mahali alikoomba kazi. Ilisema kwamba usaili wake umekuwa "put off" hadi Jumatatu, tarehe 14. Kijana huyo tangu utotoni alijua "put off the light", yaani zima taa. Basi akaona kuwa na usaili wake umezimwa. Akaikunja barua, akarudi shambani. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia, "Mjomba, wamenikataa." Nilipoisoma ile barua, Jumatatu yenyewe ilikwisha kupita siku nne.

Kosa hilo si la ujinga. "Put" peke yake ni weka, na "off" huonyesha kutengana au kukoma. Lakini maneno hayo yafungwapo pamoja huzaa maana ambayo huipati kwa kuyafasiri moja moja. Hata sisi tunalo jambo hilo: mgeni ajuaye kwamba kupiga ni kutia kofi atashangaa kusikia mtu anapiga pasi, anapiga simu, anapiga hodi.

Shika maana tatu za "put off". Kwanza, kuahirisha: "They put off the meeting until Friday", waliahirisha mkutano hadi Ijumaa. Pili, kumwondolea mtu hamu: "The smell put me off", harufu ilinitia kinyaa. Tatu, kuzima taa, ingawa Waingereza wengi husema "turn off" au "switch off".

Mkutano uliofutwa kabisa husemwa "called off". Aambiwaye "put off" na asubiri. Aambiwaye "called off" na asifunge safari. Angalia pia mpangilio: husemwa "put it off", wala si "put off it". Kiwakilishi hukaa katikati.

Mzazi mwenzangu, mwanao akusomeapo barua ya Kiingereza, usikubali aishie kwenye neno moja. Mwambie asome hadi nukta. Ikiwa baada ya "put off" imetajwa siku, ujue shughuli ingali hai, imesogezwa mbele tu.

Mpwa wangu aliandika kuomba radhi. Hadi leo hajajibiwa. Lakini sasa ana kidaftari, na neno la kwanza alilolitia humo ni hilo lililomponza.