Weupe wa Meno na Ganzi Yake

Kila miezi ya arusi ikikaribia, akina mama hutuuliza habari ya kung'arishwa meno kwa daktari: je, ni salama? Na mbona bibi arusi aliyetoka huko juzi, leo hawezi kunywa maji baridi ila ashike shavu? Tumeona yafaa kulieleza jambo hili katika ukurasa wetu, kwani fedha inayotolewa si haba, na maumivu yake wengi hawakuyatazamia.

Jino si jiwe. Juu lina gamba liitwalo enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata mfupa. Chini yake pana dentini, yenye umanjano kidogo na vijitundu vyembamba maelfu kwa maelfu vyenye majimaji; na katikati pana kiini, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Dawa inayong'arisha ni haidrojeni peroksaidi. Daktari hutumia ile kali, aghalabu ya asilimia 25 hadi 40, baada ya kuufunika ufizi usiungue. Dawa hupenya gamba ikazivunja rangi zilizojificha ndani, wala haikomi hapo: kwa muda wa dakika chache hufika kwenye kiini. Ndiyo asili ya ganzi. Mwenye ufizi ulioshuka, au jino lenye ufa au tundu lisilozibwa, huyo dawa imemfungulia mlango kabla ya kubisha. Kwa hiyo meno na yatazamwe na kutibiwa kwanza.

Ganzi hiyo kwa kawaida huondoka yenyewe kwa siku chache. Dawa ya mswaki yenye potasiamu naitreti, ikitumiwa wiki mbili kabla, huipunguza. Basi asingoje mtu siku tatu kabla ya arusi. Mwezi mmoja ni bora. Tena weupe wa saa ile ya kwanza una hadaa kidogo, maana meno yaliyokaushwa huonekana meupe zaidi, na yakisha kulowa mate hurudi nyuma. Na meno ya bandia na viziba havibadiliki rangi kabisa.

Watoto tusiwaingize katika mambo haya. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu sheria yao ya mwaka 2011 zimekataza dawa zenye peroksaidi hii kupita asilimia 0.1 kwa walio chini ya miaka 18, na hata kwa wakubwa hazipiti asilimia 6.

Linalotuudhi zaidi ni hili. Pande za Arusha na Meru wako vijana wengi wenye meno ya kahawia tangu yalipoota. Huo si uchafu. Ni floraidi iliyozidi katika maji waliyokunywa utotoni, meno yalipokuwa yakiumbika tayayani. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi za huko zinaupita. Magadi ya kupikia nayo huongeza. Binti wa namna hiyo huambiwa hapigi mswaki, akasuguliwa kwa mkaa na ndimu hata machozi yakamtoka! Ndimu huliyeyusha gamba, mkaa hulikwangua, na gamba likisha kuondoka halioti tena. Ndipo umanjano wa dentini unapochungulia: aliyeutafuta weupe amepata manjano, na ganzi juu yake. Meno ya kahawia kidogo daktari aweza kuyasaidia kwa dawa. Yaliyochimbika yataka kazi nyingine.

Mswaki wa mti, sunna yetu, huondoa utando na madoa ya juu ya chai na tambuu, wala haudai kuifikia rangi ya ndani.

Waliouliza kama yaweza kufanywa mchana wa Ramadhani, hukumu yake ni ya wanavyuoni. Kwa upande wa tiba, baada ya kufuturu ni wepesi zaidi, kwa kuwa kinywa huhitaji kusukutuliwa mara kwa mara, na mwenye ganzi huenda akahitaji kidonge cha maumivu usiku uo huo.